Kofia ya chuma ya kunyweshea kuku

Nimerudi chuo jana usiku, kiuno bado kinauma kwa safari ya basi, ila hii lazima niiandike kabla sijaisahau.

Likizo hii nyumbani Mfaranyaki nilienda kumsalimia babu mmoja jirani. Uani kwake kuku walikuwa wanakunywa maji kwenye kofia ya chuma ya jeshi! Nikauliza. "Ya Mjerumani hiyo, mjukuu wangu. Aliiacha baba." Kuna kijana kamfuata mara mbili anataka kuinunua, eti wazungu wanakusanya.

Basi mwalimu mtarajiwa wa historia nikaomba niigeuze. Kofia ya chuma ya Mjerumani ilianza kutumika 1916, na inashuka kufunika masikio na kisogo. Hii ni bapa, ukingo umezunguka kama sahani. Ni mtindo wa Mwingereza, aliubuni John Brodie mwaka 1915 kwa ajili ya mahandaki ya Ulaya, ambako vipande vya makombora vilikuwa vinawadondokea askari kutoka juu. Halafu utosini kuna skrubu imeliwa na kutu (babu kazungushia lami maji yasivuje). Toleo la 1938 ndilo lililofunga bitana kwa skrubu. Kwa hiyo ni Vita ya Pili, na mwenyewe alikuwa Keya, yaani askari wa KAR. Hao walipigana Ethiopia 1941, Madagascar 1942, Burma 1944. Nilipotaja Burma babu akashtuka: "Bama! Alikuwa anaitaja."

Ila simshangai kusema Mjerumani. Kwetu Songea kila vita ni ya Mjerumani, kuanzia Majimaji.

Na ile ya 1914 hadi 1918 je? Ilipita hapa hapa. Von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akarudi Septemba 1918 akipitia upande wa Songea. Lakini askari weusi wa pande zote mbili walivaa kofia za kitambaa. Wapagazi ndio hata hizo hawakuwa nazo. Kichwani walikuwa na ngata, na juu ya ngata mzigo wa kilo 25 hivi. Mwingereza peke yake alichukua wapagazi kama milioni moja. Hesabu yake rasmi ya waliokufa inazidi 40,000, wanahistoria wengi wanasema wanakaribia 100,000, wengi kwa magonjwa na njaa. Jamani, ngata ya majani nani atakuja kuinunua?

Nikamshauri babu aipeleke Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Akacheka sana. "Kina Songea Mbano wamenyongwa na mzungu, mimi niwapelekee kofia ya mzungu?"

Yule kijana karudi Jumamosi. Kakuta kuku wanakunywa kwenye sufuria bovu, na kofia iko ndani, imesuguliwa kwa mchanga, juu ya kabati.