Mwenye Mzani na Mwenye Pamba

Watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa maana ya mdhibiti. Waliijua kabla neno lenyewe halijaingia katika sheria zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Dawa waliyoitafuta ilikuwa rahisi: waliweka wapimaji wao, wasiomtegemea mnunuzi, ili mkulima ajue uzito halisi wa pamba yake. Katika harakati hizo Paul Bomani na wenzake walijenga muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuvuma Afrika nzima. Kila nisikiapo mabishano juu ya bei ya umeme huikumbuka kanuni ile: anayenunua asiwe yeye yule ashikaye mzani.

Umeme wa nchi hii ulianza katika mikono ya watawala. Mwaka 1908 Wajerumani walifua umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wao. Waingereza waliufanya kuwa idara ya serikali, kisha mwaka 1931 wakaukabidhi kwa kampuni binafsi mbili. Baada ya Uhuru serikali ilinunua hisa, na kampuni zile zikaishia kuwa shirika moja la umma, TANESCO. Shirika hilo lilifua umeme, likausafirisha na kuusambaza hadi mlangoni. Mmiliki wake alikuwa serikali, na bei yake ikaamuliwa na serikali hiyo hiyo. Sisemi kwamba jambo hilo lilikuwa baya kwa wakati wake. Bila mkono wa serikali nani angejenga Kidatu, iliyoanza mwaka 1975, au kuvuta nyaya kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga na Mwanza? Lakini mazoea ya kumwona mwenye mali, mwendeshaji na mwamuzi kuwa ni mtu mmoja yalikomaa wakati ule.

Kisha ikaja dhahabu. Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001, na Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, ukatoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2009. Migodi hii iliunganishwa na Gridi ya Taifa. Hapo ndipo swali la mzani lilipopata uzito kwetu. Mgodi hauwezi kuendesha vinu vya kusagia mawe kwa kubahatisha. Mama mwenye jokofu la samaki Kahama naye hawezi. Maji yanapopungua Mtera, nani anayeamua azimiwe nani, na kwa kanuni ipi? Na nyaya nene zinapopita juu ya mapaa ya nyasi yanayowashwa vibatari, nani amwelezaye mwenye nyumba kwa nini yeye bado? Mwendeshaji wa njia kuu akiwa ndiye pia muuzaji, na mkubwa wake akiwa waziri, jibu lolote atakalotoa litashukiwa, hata likiwa la haki.

Majaribio ya kubadilisha mambo yamekuwapo. Sera ya Nishati ya mwaka 1992 iliwafungulia mlango wafuaji binafsi. Mwaka 1995 ukatiwa saini mkataba wa IPTL, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, ambao kesi na kashfa zake zilituandama miaka mingi. Mwaka 1997 TANESCO iliwekwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa, na mwaka 2002 menejimenti ikakabidhiwa NETGroup Solutions ya Afrika Kusini. Wageni hao walikatia umeme hata taasisi za serikali zenye madeni. Wengi walicheka, lakini mimi naona kicheko kile kilikuwa na somo: mtumishi asiyetegemea cheo kwa mdaiwa ndiye anayethubutu kumdai. Mkataba ulikwisha mwaka 2006, na mpango wa kuuza shirika ulikuwa umekwishaachwa.

Mwaka huo huo wa 2006 EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ilianza kazi chini ya sheria ya mwaka 2001. Ndio uliokuwa mwaka wa ukame na mgawo mkali, na wa mkataba wa Richmond. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilionyesha jinsi uamuzi wa zabuni ulivyotoka mikononi mwa shirika ukapanda juu. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

EWURA ilipewa mambo mazuri. Inajiendesha kwa tozo za kampuni inazozidhibiti, haisubiri bajeti ya wizara. Huitisha mikutano ya taftishi ambako hata fundi cherehani anaweza kusimama na kupinga bei mpya. Lakini mwenyekiti wa bodi yake huteuliwa na Rais.

Mtihani ulikuja mwishoni mwa mwaka 2016. TANESCO iliomba kupandisha bei kwa zaidi ya asilimia 18. EWURA, baada ya kusikiliza, ikaruhusu asilimia 8.53 kuanzia Januari 1, 2017. Kabla watu hawajalipa bei hiyo, waziri aliisimamisha, na siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi mkuu wa TANESCO. Shangwe ilikuwa kubwa, nami siwezi kuwalaumu walioshangilia, maana mwenye mfuko mtupu hushukuru nafuu ya leo. Hata hivyo tujiulize. Shirika lilikuwa limeelemewa na madeni, na deni halifi kwa amri. Hurudi likiwa transfoma isiyobadilishwa, nguzo iliyooza na kijiji kinachosubiri. Zaidi ya hayo, mwananchi aliyekwenda kwenye taftishi alijifunza nini? Kwamba alipaswa kwenda kwingine.

Jirani zetu walifuata njia nyingine. Uganda iliigawa bodi yake ya umeme sehemu tatu mwaka 2001: kufua, kusafirisha na kusambaza. Kenya iliitenga KenGen katika miaka ya 1990, na mwaka 2008 ikaunda KETRACO kwa ajili ya kujenga njia kuu. Huko nako watu hawakuacha kulalamikia bei, na Uganda usambazaji uliokodishwa kwa Umeme mwaka 2005 ulirudi kwa serikali mwaka 2025. Kugawa mashirika peke yake si dawa. Sisi tuliandika mwaka 2014 dira ya kuigawa TANESCO hatua kwa hatua hadi mwaka 2025. Mwaka huo umepita na shirika ni lile lile.

Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, na eneo lake likatengwa kuwa la viwanda. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Umeme utakuwapo, na wenye viwanda watakuja Kahama kuuomba. Wataukuta mzani mikononi mwa nani? Wahenga wamekwisha kutuasa kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Babu zetu wa pamba hawakungoja mnunuzi awe mwema. Waliweka mpimaji, wakamlipa wao, na wakasimama naye siku mnunuzi alipokasirika. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo sheria haiwezi kutufanyia.