Ugumu wa godoro

Ugumu wa godoro ni kiasi ambacho godoro hukataa kubonyea linapolaliwa. Godoro gumu hubonyea kidogo chini ya uzito wa mwili, godoro laini hubonyea sana, na kati ya hayo mawili kuna magodoro ya ugumu wa kati. Ugumu ni mojawapo ya sifa zinazoamua kama mtu atalala kwa raha au ataamka na maumivu ya mgongo, mabega au nyonga.

Hakuna ugumu mmoja unaomfaa kila mtu. Godoro lilelile huwa gumu kwa mtoto wa kilo 30 na laini kwa mtu mzima wa kilo 100. Vilevile ugumu si sawa na unene wala densiti ya godoro, ingawa sifa hizo tatu huchanganywa mara nyingi wakati wa kununua.

Kazi ya godoro

Uti wa mgongo wa binadamu haukunyooka kama fimbo. Ukitazamwa kwa ubavu una mipindo: shingoni na kiunoni hupinda kwenda mbele, kifuani hupinda kwenda nyuma. Godoro linalofaa hushikilia mipindo hiyo ikae karibu na hali yake ya kawaida, ili misuli na kano zipumzike.

Godoro lina kazi mbili ambazo huvutana. Kwanza, linapaswa kubeba mwili usizame. Pili, linapaswa kubonyea kidogo pale mwili unapochomoza, hasa mabegani, nyongani na visiginoni.

- Godoro likiwa gumu mno, uzito hukusanyika kwenye sehemu chache zinazochomoza. Damu hupita kwa shida mahali hapo, ganzi au maumivu huanza, na mtu hugeukageuka usiku. Anayelala chali hubaki na nafasi tupu chini ya kiuno.
- Godoro likiwa laini mno, nyonga, ambazo ni nzito, huzama kuliko miguu na mabega. Mwili hupinda kama uliolala kwenye machela iliyolegea, na misuli ya kiuno huvutika usiku kucha. Kugeuka pia huwa kugumu.

Vifaa na ugumu wake

Binadamu amekuwa akitengeneza malazi laini tangu zamani sana. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wanaakiolojia walikuta matandiko ya majani yenye umri wa takriban miaka 77,000, na katika Border Cave, nchini humohumo, matandiko ya nyasi ya takriban miaka 200,000.

Vifaa vinavyotumika zaidi katika magodoro ni hivi:

- Sufi, inayotoka katika matunda ya msufi, na pamba. Godoro jipya la sufi ni laini, lakini nyuzi hushikamana kadiri linavyolaliwa, likawa gumu na lenye mabonde. Kwa hiyo huanikwa juani na sufi yake huchambuliwa upya.
- Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Hutoa godoro gumu linalopitisha hewa vizuri. Mara nyingi huwekwa kama tabaka la chini, na juu yake kitu laini zaidi.
- Sponji ya poliurethani. Poliurethani iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na sponji yake laini ilianza kuenea katika miaka ya 1950. Leo ndiyo inayotumika zaidi katika magodoro ya Afrika ya Mashariki. Inaweza kutengenezwa kwa ugumu wowote.
- Sponji ya memori, aina ya poliurethani iliyobuniwa katika miaka ya 1960 katika utafiti wa shirika la NASA la Marekani. Hulainika kwa joto la mwili na kurudi katika umbo lake polepole. Hupunguza mgandamizo, lakini hutunza joto, jambo linaloweza kusumbua katika maeneo yenye joto kama pwani.
- Lateksi, yaani mpira uliotiwa hewa. Hubonyea na kurudi haraka.
- Springi za chuma. Ugumu wake hutegemea unene wa waya, idadi ya springi na matabaka yaliyowekwa juu yake.
- Vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa pamoja. Hutoa godoro zito na gumu sana.

Namna ugumu unavyopimwa

Kwa sponji, kipimo cha kimataifa ISO 2439 hutumia bamba la duara lenye kipenyo cha takriban milimita 200. Bamba hukandamiza sponji mpaka unene wake upungue kwa asilimia 40, na nguvu iliyohitajika huandikwa kwa nyutoni. Kadiri nguvu inavyokuwa kubwa, ndivyo sponji ilivyo ngumu. Nchini Marekani kipimo cha kawaida huchukuliwa unene unapopungua kwa asilimia 25.

Kwa godoro zima, Kamati ya Viwango ya Ulaya ina skeli inayoanzia 1, gumu kabisa, hadi 10, laini kabisa. Wauzaji wengi wa Marekani hutumia skeli iliyogeuzwa, ambapo 1 ni laini na 10 ni gumu. Kwa sababu hiyo, namba isiyotaja skeli yake haimsaidii mnunuzi. Maneno kama "gumu" au "la kati" nayo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

Ugumu, densiti na unene

Densiti ni uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo. Huonyesha kiasi cha malighafi kilichomo, na kwa kawaida huashiria muda ambao godoro litadumu kabla ya kubonyea moja kwa moja. Ugumu huonyesha jinsi godoro linavyohisiwa siku ya kwanza. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji yenye densiti kubwa iliyo laini, au yenye densiti ndogo iliyo ngumu. Hiyo ya pili huweza kumvutia mnunuzi dukani, lakini hulegea mapema.

Densiti inaweza kukadiriwa kwa mizani na futi. Godoro la sponji la futi 4 kwa 6 lenye unene wa inchi 6 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.34. Likiwa na uzito wa kilo 8.5 bila kitambaa, densiti yake ni 8.5 ÷ 0.34, yaani kilo 25 kwa mita ya ujazo. Godoro la vipimo hivyohivyo lenye kilo 6.1 lina densiti ya kilo 18 hivi. Hesabu hii hupotosha kama sponji imeongezewa unga wa madini, kwa mfano kalisi kabonati, ambao huongeza uzito bila kuongeza uimara.

Unene nao ni jambo tofauti. Godoro la inchi 10 laweza kuwa laini kuliko la inchi 4. Hata hivyo, unene ukiwa mdogo mno, mwili hubonyeza sponji mpaka kufikia chaga, na hapo mtu huwa analalia mbao. Ndiyo maana godoro la inchi 3 au 4, ambalo wanafunzi wengi hupeleka bweni, laweza kumtosha mtoto mwepesi lakini likamuumiza mtu mzima. Kwa mtu mzito, godoro nene linalobaki na akiba ya sponji chini yake huwa afadhali.

Ugumu na maumivu ya mgongo

Kwa muda mrefu watu wenye maumivu ya mgongo waliambiwa walale juu ya godoro gumu sana, ubao au sakafu. Ushauri huo ulijaribiwa nchini Hispania katika utafiti ulioongozwa na Francisco Kovacs na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2003. Watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa magodoro magumu (2.3 katika skeli ya Ulaya) na kundi la pili magodoro ya ugumu wa kati (5.6). Wagonjwa na waliowapima hawakujua nani amepewa godoro lipi. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walikuwa na hali bora kuliko wenzao: maumivu kitandani na wakati wa kuamka yalikuwa nafuu, na walizuiwa kidogo zaidi na maumivu katika shughuli zao.

Utafiti huo unahusu watu wenye maumivu ya aina hiyo tu, wala hausemi kwamba ugumu wa kati ni bora kwa kila mtu. Unaonyesha kwamba dhana ya "gumu zaidi ndilo bora kwa mgongo" haina msingi wa jumla. Neno "othopedik" linaloandikwa kwenye magodoro mengi halina kipimo kimoja cha kimataifa, na mara nyingi humaanisha tu kwamba godoro ni gumu.

Si kila maumivu ya mgongo hutokana na godoro. Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku, kupungua uzito, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa yanahitaji daktari haraka, kwa kuwa yanaweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, uvimbe au kubanwa kwa neva. Kubadilisha godoro katika hali hiyo huchelewesha matibabu.

Kuchagua ugumu

Mambo makuu ya kuzingatia ni haya:

- Mkao wa kulala. Anayelala kiubavu huhitaji godoro laini kiasi au la kati, ili bega na nyonga zizame kidogo na uti wa mgongo ubaki umenyooka. Anayelala chali hufaa kwa godoro la kati hadi gumu kiasi. Anayelala kifudifudi huhitaji godoro gumu zaidi, kwa sababu kwenye godoro laini tumbo huzama na kiuno hupinda.
- Uzito wa mwili. Mtu mwepesi habonyezi godoro gumu vya kutosha, hivyo huhisi kama amelala sakafuni. Mtu mzito huhitaji godoro gumu zaidi, nene zaidi na lenye densiti kubwa.
- Wanaolala wawili. Uzito wao ukitofautiana sana, kwenye godoro laini mwepesi huporomoka kuelekea upande wa mzito. Godoro la kati, au magodoro mawili membamba yaliyowekwa bega kwa bega, hupunguza tatizo hilo.
- Kitanda. Chaga zilizoachana sana, au zilizovunjika, huruhusu godoro kuzama kati yake. Kitanda cha kamba kilicholegea hufanya godoro lolote kuwa na bonde, mpaka kiwambwe upya.
- Ujauzito. Kuanzia wiki ya 28 wanawake hushauriwa kuanza usingizi wakiwa wamelala kiubavu, kwa hiyo godoro gumu sana huweza kuwaumiza mabega na nyonga.

Watoto wachanga na wagonjwa

Kwa mtoto mchanga, ugumu ni suala la usalama kuliko raha. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali juu ya godoro gumu na tambarare, lisilo na mito wala matandiko yanayofumuka. Juu ya godoro laini uso wake unaweza kuzama, na hana nguvu wala uwezo wa kujinasua ili apumue. Hawekewi godoro la memori wala la mtu mzima lililobonyea.

Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, hatari kubwa ni vidonda vya mgandamizo, hasa makalioni, nyongani na visiginoni. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji godoro linalotawanya uzito, na godoro lenyewe halitoshi: ni lazima ageuzwe mara kwa mara na ngozi yake ikaguliwe kila siku.

Kujaribu godoro

Kulibonyeza godoro kwa kiganja hakuonyeshi litakavyobeba mwili mzima. Ni afadhali kulilalia kwa dakika 10 hadi 15, katika mkao wa kila siku.

- Kwa anayelala chali, kiganja hupitishwa chini ya kiuno. Kikipita huku nafasi kubwa ikibaki, godoro ni gumu mno. Kisipopita kabisa, ni laini mno. Kikipita kwa kugusana na mwili, ugumu unakaribia kufaa.
- Kwa anayelala kiubavu, mtu mwingine hutazama mgongo kutoka nyuma. Pingili za uti wa mgongo zinapaswa kufuata mstari ulio sambamba na godoro.
- Wanaolala wawili hulijaribu pamoja.

Godoro jipya la sponji hulainika kidogo katika wiki za mwanzo. Godoro ambalo tayari ni gumu mno linaweza kuwekewa tabaka jembamba la sponji laini juu. Godoro lililolegea ni vigumu kulirekebisha: ubao chini yake huzuia kuzama kati ya chaga, lakini haurudishi sponji iliyochoka.

Dalili za godoro lililochakaa ni bonde linalobaki hata baada ya mtu kuondoka, kuhisi chaga mwilini, na maumivu ya asubuhi yanayopungua mtu anapolala kwingine. Kuligeuza kichwa kuwa miguuni kila baada ya miezi michache husaidia lichakae kwa usawa. Lile lenye pande mbili zinazofanana hupinduliwa pia chini kuwa juu.