Kithrakia: masalia yake katika majina ya Balkani

Kithrakia ni lugha iliyokufa ya jamii ya Kihindi-Kiulaya. Ilisemwa katika nchi ambayo leo ni Bulgaria, kaskazini mwa Ugiriki na ile sehemu ya Uturuki iliyo Ulaya. Wenye lugha hawakuacha vitabu, na maandishi yao ni machache mno. Mashuhuri zaidi ni pete ya dhahabu iliyopatikana mwaka 1912 kijijini Ezerovo, mkoani Plovdiv, Bulgaria. Ina herufi 61 za Kigiriki katika mistari minane, zimebanana bila nafasi kati ya neno na neno. Kila mtaalamu huyakata maneno kwa namna yake, akatoka na tafsiri yake.

Kwa hiyo anayeitafuta lugha hii aanze na mito. Strymon ya kale ndiyo Struma ya Wabulgaria, Nestos ni Mesta, Utus ni Vit. Waslavi walipofika waliyakuta majina haya midomoni mwa wenyeji, wakayachukua jinsi walivyoyasikia. Jina Strymon huhusishwa na mzizi wenye maana ya kutiririka. Huko Sapareva Banya, chini ya milima ya Rila, maji yanatoka ardhini yakichemka. Mji wa kale hapo uliitwa Germaneia, na mto wa jirani ungali ukiitwa Dzherman. Mzizi germ- ni joto, ndugu wa thermos ya Kigiriki, neno lililokuja kukaa hata kwenye chupa ya chai tunayoiita themosi.

Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba kwa Kithrakia mji huitwa bria. Mesembria, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, sasa ni Nesebar. Selymbria, karibu na Istanbul, ni Silivri. Neno limesagika, lakini mkia wake bado unaonekana.

Jina lenye safari ndefu kuliko yote ni Plovdiv. Filipo II wa Makedonia aliuteka mji huo mwaka 342 KK, na Wagiriki wakauita Philippopolis, mji wa Filipo. Wathrakia walilitamka jina la mfalme kwa ulimi wao, wakaweka deva, yaani mji, mahali pa polis: Pulpudeva. Waslavi walipokea jina hilo la Kithrakia, wakaliacha lile la Kigiriki, na kutoka hapo ikapatikana Plovdiv. Filipo angali ndani ya jina, ila kwa matamshi ya watu aliowashinda.

Kwenye maneno ya kawaida inahitajika tahadhari. Kiromania na Kialbania zina maneno ya kale yanayofanana, na wataalamu hubishana kama yametoka kwa Wathrakia au kwa watu wengine wa kale wa Balkani, Wadakia na Wailiria. Mfano mmoja una uzito. Mwana wa farasi kwa Kiromania ni mânz, kwa Kialbania mëz. Pete nyingine ya dhahabu, iliyofukuliwa makaburini Duvanli, imechorwa mtu aliyepanda farasi, na kandoni mwake limeandikwa neno mezenai.