Mlinzi Aliyekula Yamini

Aingiaye katika hekalu la Kibudha la Tibeti kwa mara ya kwanza hushangaa. Dini isifikayo kwa huruma na utulivu imejaza kutani sura za kutisha: macho matatu yaliyotumbuka, meno ya nje, mataji ya mafuvu, ndimi za moto. Hao ni walinzi wa mafundisho; na wengi wao, masimulizi yasema, walianza wakiwa maadui.

Mfano mkubwa ni Pehar. Katika karne ya 8, mfalme Trisong Detsen alikusudia kujenga Samye, monasteri ya kwanza ya Tibeti, akamwalika mwanazuoni Shantarakshita kutoka India. Yasimuliwa kwamba kilichojengwa mchana kilibomolewa usiku na mizimu ya nchi, iliyoghadhibishwa na dini ngeni. Elimu ya mwanazuoni haikufua dafu. Ndipo akaitwa Padmasambhava, bingwa wa tafakuri na uganga, akaishinda mizimu ile. Hakuiua wala hakuifukuza: aliilisha yamini. Ikabaki na hasira zake na silaha zake, ila sasa ikilinda kile ilichokuwa ikikibomoa. Pehar akakabidhiwa hazina ya Samye.

Waswahili husema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Watibeti walipata njia ya tatu: waliufunga kwa kiapo. Kwa hiyo mlinzi wa namna hii ana daraja lake. Mbudha hukimbilia kwa Budha, kwa mafundisho na kwa jumuiya ya watawa. Hakimbilii kwa Pehar. Pehar huombwa kazi, kama askari aombwavyo zamu.

Baadaye makao yake yakawa Nechung, karibu na monasteri kubwa ya Drepung, nje ya Lhasa. Dalai Lama wa 5, aliyeshika utawala wa Tibeti mwaka 1642, alimpa cheo cha mlinzi wa dola. Serikali ikawa na mtawa wake wa kupandwa, aulizwaye mambo makubwa ya nchi. Watibeti humwita kuten, yaani tegemeo la mwili. Watu wa pwani, ambao pepo wao nao hupanda kichwani, wangemwita kiti. Ampandaye kwa kawaida ni Dorje Drakden, waziri wa Pehar. Huvishwa mavazi yenye uzito wa zaidi ya kilo 30, ambayo akiwa na akili zake hutembea nayo kwa taabu. Akishapandwa, hucheza nayo.

Mtihani wa kiapo ulikuja mwaka 1959. Dalai Lama wa 14 ameandika kwamba tarehe 17 Machi alimuuliza mlinzi wa Nechung, akaamriwa aondoke usiku uleule, na njia ya kupita akaandikiwa. Alitoka katika jumba la Norbulingka amevaa kama askari, na mwisho wa mwezi akaingia India. Nyuma yake Lhasa ilipigwa mizinga.

Mwenye kushutumu atauliza: ni mlinzi gani wa dola ashindwaye kuilinda dola? Jibu lipo Samye. Kiapo kilikuwa kwa mafundisho, wala si kwa kiti cha enzi. Nayo mafundisho huchukulika kifuani, yakavuka milima. Jibu hilo, hata hivyo, haliwafuti machozi waliobaki wakizika wafu wao.

Dalai Lama mwenyewe ameeleza kuwa alimsikiliza Nechung kama alivyowasikiliza mawaziri wake, kisha akaamua kwa dhamiri yake. Aidha, hamwinamii, Nechung ndiye amwinamiaye. Mwaka 2011 Dalai Lama naye aliyaacha madaraka ya siasa, akamwachia kiongozi wa kuchaguliwa. Dola iliyompa Pehar cheo haipo tena Lhasa, lakini huko Dharamsala, India, hekalu la Nechung limejengwa upya, na watawa wake wangali wakimkumbusha yamini aliyokula Samye.