Taa ya injini, kutoka Los Angeles hadi Mwala

Juzi nilikuwa nyumbani Mwala, nikakuta mjomba amebandika selotepu nyeusi kwenye dashibodi ya Corolla yake ya 1994, juu ya taa ya injini. "Fundi alisema gari iko sawa."

Fundi hakukosea sana. Asili ya taa hii ni hewa. Miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles ulichangiwa na ekzosi za magari. California ikaja kudai gari lijichunguze lenyewe, na kufikia 1996 kila gari dogo jipya Marekani lilipaswa kuwa na tundu moja na namba za hitilafu za aina moja. Ndiyo maana taa huwaka huku gari likitembea vizuri tu. (Ikikonyeza mwendoni, kwa magari hayo mapya, simama: petroli isiyoungua inaunguza katalaiza.)

Corolla ya mjomba haihitaji hata skana. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa inavyokonyeza. Sisi maprogramu tungeiita biti moja! Ikakonyeza mara mbili, ikatulia, mara moja: 21, sensa ya oksijeni.

Hapo mjomba akakumbuka mafuta ya kwenda Machakos siku hizi hayatoshi kurudi.

Selotepu tumeitoa. Sensa bado tunaitafuta.