Asili ya Neno Paian

Kabla ya kuwa wimbo, paian lilikuwa jina la mungu. Bamba la udongo lililofukuliwa Knossos, kisiwani Krete, lataja Paiawon pamoja na miungu wengine. Lina umri wa zaidi ya miaka 3,000, na maandishi yake hayakusomeka hadi Mwingereza Michael Ventris alipoyafumbua mwaka 1952. Katika Iliadi ya Homer, Paieon ni tabibu wa miungu. Na humo humo paian ni wimbo ambao vijana wa Kiyunani wanamwimbia Apollo ili tauni iwaondokee. Yaelekea ukelele wa kumwita mungu ndio uliogeuka kuwa jina la wimbo wenyewe. Wayunani waliuimba katika sikukuu, karamuni, na walipoliendea jeshi la adui.

Haishangazi, basi, kwamba Agano Jipya halina neno hilo hata mahali pamoja. Nyaraka kwa Waefeso na Wakolosai zatumia humnos, neno ambalo wapagani nao walilitumia, lakini halikubeba jina la mungu yeyote. Paian laonekana katika kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 15. Hapo waimbaji ni askari wa Nikanori; watu wa Yuda Makabayo wawakabili wakiomba.