Sabuni haiui, huyeyusha: historia ya neno na povu lake

Ukiingia duka la rejareja mjini Kehancha ukasema, "Nipe omo ya kumi," huenda muuzaji akakuuliza, "Omo gani?" kisha akutajie majina ya bidhaa tatu ambazo si Omo. Jina la bidhaa moja limekuwa jina la sabuni zote za unga. Kwenye kaunta hiyo hiyo, mche mrefu wa sabuni hukatwa vipande kulingana na mfuko wa mteja. Majina ya sabuni tunayo tele. Tunachokosa ni kitenzi kinachofaa kuelezea kazi yake.

Tumezoea kusikia kwamba sabuni "huua" vijidudu. Kitenzi hicho kinapotosha, na kimewagharimu watu pesa. Historia ya neno lenyewe inatuonyesha njia nzuri zaidi.

Mwandishi Mrumi Plini, aliyefariki mwaka 79, alitaja kitu kiitwacho sapo, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na majivu ambao Wagali waliutumia kutia nywele rangi nyekundu. Neno hilo lilipita lugha kadhaa hadi likawa sabun katika Kiarabu. Waswahili wakalitohoa wakapata sabuni, nalo likasambaa bara. Majirani wa Wakuria, Wajaluo, husema sabun. Wanasayansi wa Ulaya nao walichota kwenye mzizi huo huo walipoita kemikali za mimea inayotoa povu saponini. Kwa hivyo sabuni na saponini ni ndugu wa lugha, na tutaona kwamba ni jamaa wa kazi pia.

Mwaka 1964, katika mji wa Adwa nchini Ethiopia, mwanasayansi Aklilu Lemma aliwaona akina mama wakifua nguo mtoni kwa matunda ya mmea uitwao endod. Chini kidogo ya pale walipofulia, konokono wengi wa majini walikuwa wamekufa. Hilo halikuwa jambo dogo, kwani konokono wa aina fulani hubeba vimelea vya kichocho, ugonjwa unaofahamika vyema na wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria, Homa Bay na Migori zikiwemo. Mwaka 1989, Aklilu na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walitunukiwa tuzo ya Right Livelihood kwa utafiti wao kuhusu mmea huo.

Je, povu la kufulia lilimfikiaje konokono? Jibu limo katika neno utando. Sote tunajua utando unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa. Kila seli ya kiumbe hai nayo imefunikwa kwa utando wa mafuta, mwembamba ajabu. Mwaka 1925, Waholanzi Gorter na Grendel walitoa mafuta kutoka kwa chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji. Eneo lake lilikaribia kuwa mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando una tabaka mbili: vichwa vinavyopenda maji viko nje, na mikia inayopenda mafuta imefichwa katikati.

Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa na mkia wa namna hiyo hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kuwa mkia wake unafanana na ile ya utando, sabuni hupenya katikati yake bila kuzuiwa. Zikiingia molekuli chache, utando hulegea tu. Zikizidi, utando hukatikakatika kuwa vijitufe vidogo, mikia ndani na vichwa nje, navyo husombwa na maji. Saponini hutumia mbinu tofauti kidogo: hushikamana na kolesteroli iliyo kwenye utando na kuutoboa. Njia ni mbili, lakini anayeshambuliwa ni yule yule, utando.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Ukisema sabuni "huua", msikilizaji atatafuta sumu, na akiona kipande kisicho na harufu ya dawa atakidharau: ati hiki ni cha kufulia tu. Lakini mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku kemikali 19 za kuua bakteria katika sabuni za kunawia za matumizi ya kawaida. Watengenezaji hawakuwa wamethibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Korona ilipoingia Kenya mwaka 2020, sabuni yoyote ilifaa, kwa kuwa kirusi hicho kimevikwa utando wa mafuta.

Tusizidishe chumvi, hata hivyo. Virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto, havina utando huo, na sabuni haiwezi kuviyeyusha. Hapo kazi yake ni kulegeza uchafu mkononi ili maji yauondoe. Ndiyo maana tunahimizwa kusugua kwa sekunde 20 na kusuuza kwa maji yanayotiririka.

Basi tuseme sabuni huyeyusha na hung'oa. Mama anayenunua kipande cha mche pale Kehancha kwa sababu ndicho anachomudu hajanunua kinga duni. Akisugua vizuri, akasuuza vizuri, amefanya kazi kamili.